Ulimwengu mkubwa, sisi wadogo: hiyo ni hoja ya nini?

Wanaokaa huku Vällingby, upande wa mwisho wa laini ya kijani, wanajua hali ilivyo mwezi wa Desemba: jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, kazi za shule haziishi, na watu wanajikuta sebuleni kwa mtu wakila pilau na kubishana. Wakimaliza siasa za nyumbani na ligi ya Uingereza, lazima mmoja atachokoza dini. Na siku hizi dini ikichokozwa kwetu, hoja inayotangulia ni ile ya ukubwa wa ulimwengu.

Upande mmoja unasema: tazameni ukubwa huu, nani mwenye akili timamu atakataa kwamba kuna Muumba? Upande wa pili unajibu: tazameni ukubwa huu huu, nani mwenye akili timamu ataamini kwamba uliumbwa kwa ajili yetu sisi? Ushahidi ni ule ule, hukumu mbili zinazopingana. Mimi nasomea uhandisi wa mawasiliano ya redio, na kwenye maabara tunafundishwa jambo moja mapema: kipimo kimoja kikithibitisha mambo mawili yanayopingana, usilaumu kipimo. Kagua hoja.

Nataka kuikagua hapa. Sema kabisa kwamba mimi ni mtu wa kuswali, ili msomaji asije akadhani namficha kitu. Lakini maoni yangu ni kwamba ukubwa wa ulimwengu si shahidi wa upande wowote kama tunavyomtumia, na kwamba tunavyomtumia kunaumiza watu.

Kwanza vipimo

Wenye bahati ya kukaa Sweden tuna darasa la bure. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wawili wa hapa, Nils Brenning na Gösta Gahm, walianzisha modeli ya mfumo wa Jua iliyoenea karibu nchi nzima, kwa kipimo cha 1 kwa milioni 20. Jua ni Globen, lile tufe jeupe la michezo na matamasha lililofunguliwa mwaka 1989 na ambalo tangu 2021 linaitwa Avicii Arena. Utaridi ilipewa makumbusho ya jiji pale Slussen, umbali wa kilomita 3 hivi. Dunia ilipewa makumbusho ya viumbe na mazingira, Naturhistoriska, kilomita 7 na nusu hivi kutoka Globen: tufe la sentimita 65. Mirihi ni Mörby centrum. Mshtarii ni uwanja wa ndege wa Arlanda, kilomita 40. Zohali ni Uppsala. Neptuni iko Söderhamn, kilomita 229. Pluto iko Delsbo, kama kilomita 300. Na mpaka ambako upepo wa Jua unaanza kuishiwa nguvu umewekwa Kiruna, kule kaskazini kabisa, kilomita 950.

Sisi wa Vällingby je? Nimepima kwenye ramani: tuko kama kilomita 14 kutoka Globen kwa mstari ulionyooka. Maana yake tumeipita Mirihi, na hatujafika kwenye ukanda wa mawe yanayoelea kabla ya Mshtarii. Ukipanda namba 19 hapa Vällingby unashuka Globen bila kubadilisha treni. Umetoka ng'ambo ya Mirihi mpaka kwenye Jua kwa tiketi moja.

Sasa sikilizeni hesabu hii, mimi ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwa kipimo hicho hicho nuru, ambayo hakuna kinachoipita kwa kasi, ingekwenda kilomita 54 kwa saa. Huo ni mwendo wa daladala Barabara ya Morogoro siku isiyo na foleni. Inachukua dakika 8 na sekunde kadhaa kutoka Globen hadi Dunia. Kufika Kiruna inachukua zaidi ya saa 17. Na nyota ya jirani kabisa, Proxima Centauri? Hiyo haiko Sweden wala Afrika. Ingekuwa kilomita milioni 2, yaani zaidi ya mara 5 ya umbali wa Mwezi wa kweli. Kile Kilimia ambacho bibi zetu walikitazama kujua msimu wa kulima kiko umbali wa miaka 440 hivi ya nuru. Kwa maneno mengine, nuru yake tunayoiona leo iliondoka kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Kwenye modeli kingekuwa mbali kuliko Jua lenyewe la kweli lilivyo mbali nasi.

Na hapo bado tuko mtaani kwetu. Galaksi yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100. Galaksi ya Andromeda, ambayo mtu aliye shambani Singida usiku usio na mwezi anaweza kuiona kwa macho matupu, iko miaka milioni 2.5 ya nuru. Nuru hiyo iliondoka kabla hata ya yule Zinjanthropus wa Olduvai kuzaliwa. Na galaksi za namna hiyo zinakadiriwa kuwa mamia ya mabilioni. Si mchezo.

Hoja ya wenye shaka

Tuwatendee haki wenye shaka, kwa sababu misikitini na makanisani mara nyingi tunawajibu kwa kejeli. Mwanafalsafa Mwingereza Nicholas Everitt aliipanga hoja yao vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2004. Kwa maneno yangu: tukisikia kwamba kuna Mungu mwenye uwezo wote, na kwamba katika vyote alivyoviumba binadamu ndiye lengo lake kuu, tungetarajia nini kabla ya kutazama angani? Tungetarajia ulimwengu wa saizi yetu. Bustani, mito, Jua, Mwezi, nyota za kutuongoza usiku, basi. Tusingetarajia mabilioni ya galaksi ambazo hakuna binadamu atakayezikanyaga, na miaka bilioni 13.8 ambayo karibu yote ilipita binadamu hayupo. Tulichokikuta hakifanani na tulichokitarajia. Kwa hiyo imani hiyo imepungukiwa uzito. Everitt hasemi imekufa, anasema imepungukiwa.

Hiyo si hoja ya kitoto. Mhandisi yeyote angeuliza vivyo hivyo. Ukinionyesha ghorofa la vyumba bilioni moja na kuniambia limejengwa kwa ajili ya mpangaji mmoja anayeishi chini ya ngazi, nitauliza mchoro uko wapi na nani amelipia saruji.

Jibu la kwanza la waumini liko hapo hapo kwenye saruji. Upotevu ni upotevu kwa anayehesabu mifuko. Sisi tunabana matumizi kwa sababu bajeti zetu zina mwisho. Mungu tunayemwamini hana stoo itakayoisha. Kumlaumu kwa kutumia nafasi nyingi ni kumvalisha kofia ya mkandarasi. Naliona jibu hili ni sahihi, lakini lina gharama yake na lazima tuilipe. Mkenya mmoja tunayebishana naye sana aliniambia hivi: "Kama angeweza kufanya lolote, kubwa au dogo, basi bwana acha kuniletea ukubwa kama ushahidi." Ana haki. Huwezi kusema leo kwamba ukubwa unathibitisha Muumba, halafu kesho ukibanwa useme kwamba ukubwa haumaanishi kitu kwake. Chagua moja.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwenye vitabu vyenyewe. Nani alisema vitu vyote viliumbwa kwa ajili yetu? Sura ya Ghafir, ya 40, aya ya 57, inaeleza kwamba uumbaji wa mbingu na ardhi ni jambo kubwa kuliko uumbaji wa watu. Kwa ndugu zangu Wakristo kuna kitabu cha Ayubu, ambaye ni nabii kwetu pia. Ayubu anadai maelezo ya mateso yake, na jibu analopewa katika sura ya 38 ni safari ya kuzungushwa duniani na angani: bahari, theluji, nyota, na Kilimia chenyewe kwa jina hilo hilo katika Biblia ya Kiswahili. Anakumbushwa hata mvua inayonyesha jangwani pasipoishi mtu. Mvua hiyo ni ya nani? Si ya Ayubu. Si ya binadamu yeyote.

Kwa hiyo hoja ya Everitt inapiga, lakini inapiga kitu kimoja: ile dini ya kujipendelea inayosema Jua linawaka kwa sababu yangu, mvua inanyesha kwa sababu yangu, na ajali ya basi iliniruka kwa sababu yangu wakati wenzangu 20 walikufa. Ikipiga hapo, mimi naona ipige tu. Waumini tusiikimbie kuitetea dini hiyo, maana wazee wetu wa imani hawakuianzisha.

Wazee walikuwa na mbingu ndogo

Kuna hadithi inayopendwa sana na upande wa wenye shaka: eti watu wa zamani walijiona wakubwa kwa sababu walidhani ulimwengu ni mdogo, halafu darubini zikaja zikawaaibisha. Ni hadithi nzuri, lakini si ya kweli.

Ptolemy wa Aleksandria, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, aliandika kwamba Dunia ikilinganishwa na mbingu ni kama nukta. Katika karne ya 9 mwanafalaki Mwislamu al-Farghani alipiga hesabu ya umbali hadi mwisho wa anga la Zohali, ambako nyota zilidhaniwa kuanzia, akapata nusukipenyo 20,110 za Dunia. Hizo ni kama kilomita milioni 128. Leo tunajua kwamba umbali huo haufiki hata kwenye Jua. Katika modeli yetu ya Sweden, mbingu yote ya al-Farghani, sayari zote na nyota zote ndani yake, ni kilomita 6.4. Ukianzia Globen unaishia kabla ya kufika Naturhistoriska.

Lakini watu waliokuwa na mbingu ya kilomita 6.4 walijisikia wadogo vile vile! Zaburi ya 8 inauliza binadamu ni kitu gani mbele ya mbingu hizo, na aliyeiandika hakuwa na darubini. Tangu hapo mbingu imekua mara mabilioni. Mwaka 1924 tu ndipo Edwin Hubble alipothibitisha kwamba Andromeda iko nje ya galaksi yetu. Kama unyonge wa binadamu ungekuwa unategemea kilomita, basi leo tungekuwa wanyonge mara mabilioni kuliko mwandishi wa Zaburi. Si kweli. Aliyesimama chini ya nyota za jangwani alikuwa ameshafika mwisho wa unyonge. Kilomita zilizoongezwa baadaye hazikuongeza kitu.

Hiyo inanionyesha kwamba hisia ya udogo haitokani na vipimo, na kwamba daraja linalotoka kwenye "mdogo" kwenda kwenye "asiye na maana" tumelijenga wenyewe. Mtoto mchanga ni mdogo kuliko tembo. Chipu iliyomo kwenye simu yako ni ndogo kuliko kifuniko chake. Nani kati yetu anapima thamani kwa futikamba?

Je, fizikia ina jibu?

Ipo sehemu ya swali ambayo ina jibu la kawaida kabisa, na nashangaa halifiki kwenye mijadala yetu. Mwaka 1961 Robert Dicke, mwanafizikia Mmarekani, alitoa hoja ambayo wengine waliiendeleza. Miili yetu imejengwa kwa kaboni. Kaboni haikutoka kwenye ule mlipuko mkuu wa mwanzo. Ilipikwa ndani ya nyota, na nyota huchukua mabilioni ya miaka kuipika na kuitawanya. Wakati wote huo ulimwengu ulikuwa unatanuka. Ulimwengu wenye umri wa kutosha kuwa na mtu wa kuuliza maswali lazima uwe tayari mkubwa sana. Ulimwengu wa saizi ya bustani, kwa sheria hizi za fizikia, usingekuwa na mtunza bustani.

Naipenda hoja hiyo, ila nisiizidishie chumvi. Inaeleza kwa nini sisi hatuwezi kujikuta katika ulimwengu mdogo. Haielezi kwa nini sheria ni hizi. Mwenye shaka atasema Mungu mwenye uwezo hana haja ya kusubiri nyota zipike kaboni. Muumini atasema hizo ndizo njia zake. Hapo fizikia imeshaaga, na asiyekubali kwamba imeaga anadanganya, awe shehe au profesa.

Wala tusijifanye hii ni habari ya Wazungu sisi tunasimuliwa. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kutazama miali ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Ilitoa orodha ya vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alikuja hapa Stockholm kupokea Nobeli mwaka 2002. Neno letu limekwishakwenda kupima ukubwa tunaobishania.

Swali lenyewe

Niseme sasa kwa nini nimeandika. Mwaka jana mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake Dar es Salaam. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa kwenye foleni, akitoka asingerudi, kwa hiyo hakusafiri. Tulikaa matanga kwake hapa Vällingby. Usiku watu walipopungua, wale wabishi wetu wawili, kila mmoja kwa nia njema, wakaanza. Wa kwanza akamwambia Mungu ni mkubwa, tazama ulimwengu wake, amejua anachofanya. Wa pili, akidhani anamsaidia, akamwambia asitafute sababu, kwenye galaksi mabilioni hakuna anayepanga vifo vya watu. Mfiwa aliwasikiliza, kisha akasema: "Mimi sijauliza habari za galaksi. Nauliza kama kuna anayejua kwamba sikumzika mama yangu."

Kimya.

Kutoka Stockholm hadi Dar ni kama kilomita 7,600. Kwenye lile tufe la Dunia la sentimita 65 ni sentimita 38 tu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi karibu na vidole. Sentimita 38 zilimtosha kabisa. Hakuhitaji Andromeda ili kujisikia yuko mbali.

Nilichojifunza kwenye uhandisi wangu ni kwamba ishara ya redio hufifia kwa mraba wa umbali. Ukienda mara mbili mbali zaidi na mnara, unabakiwa na robo. Nadhani wengi wetu, waumini na wasioamini, tunamfikiria Mungu kama mnara wa simu: ulimwengu ukiwa mkubwa sana, mtandao haufiki Vällingby. Mwenye shaka anasema haufiki, muumini anasema mnara una nguvu sana. Wote wawili wamekubaliana kimya kimya kwamba kujali hufifia kwa umbali. Lakini mama anayempigia mwanawe aliye Sweden hamjali robo ya anavyomjali aliye Temeke. Kama kuna anayejua, kilomita hazimzuii. Kama hakuna, hata ulimwengu wa saizi ya sebule usingetusaidia. Vipimo vya anga havikatai wala kukubali. Ndiyo maana nasema si shahidi.

Basi tufanyeje? Sisemi tuache kubishana, maana Desemba ya huku bila ubishi utaugua. Nasema mambo matatu. Muumini asimtupie mtu galaksi kama fimbo, na akubali pale hoja ya mwenye shaka inapopiga kweli. Mwenye shaka naye asituambie kwamba darubini imetuthibitishia kuwa hatuna maana, kwa sababu darubini haina kifaa cha kupima hilo. Na wote tutofautishe anayebishana na anayelia. Lugha yetu inatukumbusha: ulimwengu ni nyota na galaksi, lakini walimwengu ni watu. Mwenzako akikuuliza habari za walimwengu, usimjibu kwa habari za ulimwengu.

Siku zikirefuka kidogo, nashauri chama kiandae safari ya siku moja: tukutane kituo cha Vällingby, tupande namba 19 hadi kwenye Jua, kisha tutembee kwa miguu mpaka Slussen na kuendelea mpaka Naturhistoriska. Waje wanaoswali, wanaosali na wasiofanya yote mawili. Mjue tu kwamba tukitembea kawaida tutakuwa tunakwenda kwa kama sehemu moja ya kumi na moja ya kasi ya nuru, kwa hiyo vaeni viatu vizuri na mje na chapati.